Harufu ya Beberu wa Kinanira

Miaka ile ya vita, kila mvua zilipokaribia kuisha, Dative alimfunga beberu wake kamba mpya na kushuka naye mjini kumwoza. Ndivyo alivyosema mwenyewe, bila haya, na beberu alimwita Bwana Harusi. Mwenye pua hakuweza kumsahau mnyama yule. Beberu asiyehasiwa hunuka popote alipo, lakini huyu alinuka kwa bidii, kama aliyelipwa.

Dative aliishi Kinanira, mlimani, na mumewe Gélase, karani wa serikali, na mtoto wao Gaël. Machoni pa majirani, Gélase ndiye aliyekuwa mtu wa kazi. Ukweli ni kwamba nyumba ile ilisimama kwa mbuzi. Mvua za kwanza ziliotesha majani, mbuzi jike wakazaa majani yakiwa mengi, madume wakahasiwa wangali wadogo, wakanenepeshwa hadi Noeli ya mwaka uliofuata. Kiangazi, ambacho kwao ni impeshi, Dative hakuuza nyama hata ungembembeleza vipi. Alilisha mbuzi wake majani ya viazi vitamu na maganda ya ndizi, na wateja aliwaambia warudi pamoja na mvua. Mbuzi wa impeshi ni mifupa, alisema, na mifupa haimpi mtu jina zuri.

Yote hayo yalitegemea jambo moja: jike wapandwe mvua zinapoisha, ili wazae miezi mitano baadaye, mvua za kwanza zikirudi. Ukichelewa, watoto huzaliwa nyuma ya wakati, ukavu huwakuta wangali wanyonge na kuwaua, na Noeli inayofuata huna cha kuuza wala cha kula.

Kisha vita vikaingia mjini. Mwaka wa tisini na tano mitaa iligawanyika kikabila, watu wa huku wasiweze kukanyaga kule, na waporaji wakawa wanamaliza zizi zima kwa usiku mmoja. Dative akakumbuka desturi ya vilimani kwao, kuragiza: unampa mtu mnyama wako amlee, samadi ni yake, na uzao wa pili ni wake pia. Jike wawili aliwabakiza. Wengine aliwapeleka mtaa wa Jabe kwa Massoudi, aliyemchinjia miaka yote ili Wakristo na Waislamu wale nyama moja. Waliosalia walikwenda mtaa wa Cibitoke kwa Elsa, ambaye zamani alimuuzia majani ya viazi.

Beberu hakupata mlezi. Mke wa Massoudi alisema nyumba yake ina watu wanaoswali.

Basi ilibidi Bwana Harusi awafuate wake zake kwa miguu. Mara ya kwanza, kabla ya kufika Cibitoke, Dative alikuta vijana wamefunga barabara kwa mawe na magogo. Walikuwa na mapanga, na njaa machoni.

"Mama, hiyi mbuzi unaiacha hapa," mmoja akasema.

 Dative alimnyooshea kamba.

"Muikule basi. Lakini mi nawaambia, hiyi harufu inaingia mu sufuria, inaingia mu manguo. Leo mutakula, kesho bamama yenu batawafukuza mu nyumba."

Upepo ukamsaidia. Kijana wa mbele alirudi nyuma, akafunika pua, na wenzake wakaanza kumcheka. Mawe yakasogezwa. Kuanzia siku ile, alipoonekana tu anakuja, vijana walipiga kelele ya kufungua njia: "Ndoa inapita!" Jamani, kulikuwa na wakubwa wenye magari waliokwama pale kutwa nzima, na mwanamke yule akipita na mbuzi wake.

Elsa alimpokea akilia. Tangu ndugu zake wauawe, hakuwa amevuka mwisho wa mtaa wake, hata sokoni alimtuma mtu. Mbuzi alikuwa anawalaza chumbani. Kila mwaka Dative aliwakagua watoto wa mbuzi mmoja mmoja, kwa ukali wa mwalimu.

"Madume yote umehasi?"

"Yote, Mama Gaël," Elsa alijibu, akiangalia pembeni.

Hivyo hata miaka ya vikwazo, nchi jirani zilipofunga mipaka na nyama ilipokuwa ndoto, Noeli ilipofika Massoudi alichinja mbuzi wa Dative, na watu waliokuwa hawasalimiani tena walikula mnyama mmoja bila kujua. Dative alijua. Hilo lilimpa usingizi.

Mwaka wa tisini na nane, mvua zikiwa zimebaki kidogo, watu wenye silaha walipita Kinanira. Wale jike wawili hawakuwaona, maana walifichwa nyuma ya jiko. Bwana Harusi alijitangaza mwenyewe, wakamchukua. Inasemekana walimla na harufu yake hivyo hivyo.

Dative hakulia siku ile. Alitafuta beberu mtaani kote, hakupata; watu walikuwa wamekwisha kula walichokuwa nacho. Wiki ikapita. Mawingu yakaanza kupungua. Alikaa mlangoni, mikono mapajani, akamwambia Gélase, "Imeisha. Mi nimechoka."

Harufu ilimfikia kabla ya hodi.

Alidhani ni huzuni inayomdanganya. Kisha akamwona Elsa kwenye uzio, miguu imejaa vumbi, leso imefungwa puani, anamkokota beberu kijana mwenye kichwa kile kile cha Bwana Harusi.

"Elsa! We umepita wapi?"

"Kwenye we unapitaka. Balinifungulia. Balisema ndoa inapita."

"Lakini uliniambia umehasi yote!"

"Nilikudanganya, Mama Gaël. Huyu nilikuwa namuficha ukikuja. Nilijua siku moja batamukamata wako; safari hii hukukuja, nikajua."

Dative alifungua kinywa amgombeze, lakini mikono ikatangulia. Alimkumbatia Elsa pamoja na uvundo wake wote, akalia kwa sauti mpaka Gélase akatoka ndani. Kisha akajifuta uso kwa kitenge, akashika kamba na kwenda kufungua zizi, kwa sababu mvua ilikuwa imebaki kidogo tu.