Ziwa Juu ya Kijiji cha Watu

Kwa miaka mingi mimi na mke wangu tulikuwa wapeleka habari za msiba katika kanisa letu la Brooklyn Center, jimbo la Minnesota. Mtu akifiwa na mzazi kule Kenya, ndugu walitupigia sisi kwanza, kwa sababu hawakutaka aipate habari hiyo akiwa barabarani au akiwa zamuni hospitalini, ameshika mkono wa mgonjwa. Tuliendesha gari hadi Lakeville, hadi Eden Prairie, tukavua viatu vyenye theluji mlangoni, tukanywa chai, ndipo tukasema. Hatimaye watu wakalijua gari letu. Tukiliegesha tu, wenye nyumba wanaanza kulia kabla hatujabisha hodi.

"Guka," binti mmoja mwanafunzi aliniambia, akiniita kama tunavyomwita babu kwetu, "ukija kwangu piga simu kwanza useme hakuna aliyekufa."

Ni huyo binti ninayetaka kumkumbuka hapa. Alitoka upande wetu wa Mlima Kenya, na chuo kikuu alikuwa akisomea maziwa ya milimani, yale yanayozaliwa barafu inapoyeyuka. Siku moja tukitoka Eden Prairie aliniomba nisimamishe gari juu ya bonde la Mto Minnesota. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi bila kujiuliza kwa nini mto mdogo vile umelala katika bonde pana vile. Akaniambia bonde hilo halikuchimbwa na mto huo. Lilichimbwa na maji ya ziwa kubwa mno la barafu, zamani kabla ya watu kuandika chochote. Tulikaa garini tukitazama, nami nikamshukuru Mungu kwa mtoto anayeweza kuona maji mahali ambapo hayapo tena.

Jumapili baada ya ibada alikula kwetu, kisha akafungua kompyuta mezani mke wangu akiwa bado anapangusa. Alituonyesha picha zilizopigwa kutoka angani, za mlima mmoja huko Asia. Katika picha ya zamani ziwa lilikuwa kama ukucha, katika picha ya karibuni lilikuwa kama kiganja. Maji yalizuiwa na ukuta wa mawe na udongo ambao barafu yenyewe iliusukuma na kuuacha. Kazi ya binti ilikuwa kupima hatari: kama ukuta ule una barafu iliyofukiwa ndani inayoyeyuka, kama kuna bonge la barafu juu linaloweza kuangukia ziwa, na maji yakitoka yatafika wapi, na upesi kiasi gani. Chini kulikuwa na kijiji. Alikuwa ameishi huko msimu mzima, akilala kwa mzee wa kijiji na mkewe. Katika ramani yake nyumba yao ilikuwa ndani ya rangi nyekundu, pale maji yangefika, pamoja na zote za kando ya mto.

"Litapasuka lini?" mke wangu akauliza.

"Sijui, Shosho," alimjibu, akimwita kama tunavyomwita bibi kwetu. "Labda mwaka huu, labda lisipasuke kamwe. Naomba nionekane muongo. Lakini siwezi kunyamaza."

Alitaka tumfundishe jinsi ya kuwaambia wanakijiji. Nilimjibu kwamba sisi tulipeleka habari za jambo lililokwisha kutokea, na mtu hana la kubishana nalo. Yeye alikuwa na jambo ambalo halijatokea, na kwa ajili yake watu waache nyumba zao. Hilo sikulijua. Nilimshauri tu asianze na ramani.

Mkutano nao aliufanyia kwetu, Jumamosi asubuhi, kwa njia ya kompyuta. Kwao ilikuwa jioni, wamejaa katika darasa la shule, na mwenzake mwenyeji wa kule akitafsiri. Aliwasalimu, akaulizia ng'ombe wao wenye manyoya marefu, akamuulizia aliyekuwa mjamzito. Ndipo akasema. Serikali yao ilikuwa tayari kuwapa kiwanja nyuma ya kilima.

Mzee wa kijiji alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasogea karibu na kamera.

"Huyo mzee nyuma yako ni nani?"

"Ni babu yangu wa huku."

"Muulize, yeye angehama?"

Binti aligeuka akanitazama. Nilijua jibu alilolihitaji, na nilijua pia kwamba siwezi kumdanganya mzee mwenzangu.

"Mwambie nilihama," nilisema. "Mungu amenitunza, watoto wangu wamesoma, sijalala njaa. Lakini nchi hii ni tambarare. Nilipokuwa mdogo, mama alinituma nje kutazama kama kilele kimefunuka, ndipo aanike kahawa. Mpaka leo nikifungua mlango asubuhi macho yanapanda juu ya paa la jirani, yanautafuta mlima."

Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Maneno yalitafsiriwa. Kule darasani wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, mke wa mzee akiwazidi sauti. "Guka, umenimaliza," binti alininong'oneza. Niliinamisha kichwa nikaomba.

Mzee alirudi kwenye kamera. "Waliokuja kabla yako walituambia tutafurahi huko," alisema. "Huyu amesema ukweli. Sasa nijibu wewe. Nikiwa nyuma ya kilima, nitaliona shamba langu?"

Binti aliiangalia ramani yake. "Hapana, baba. Hutaliona."

"Basi tutafutie mahali tutakapoliona. Tutalala huko, na mchana tutashuka kulima."

Ilimchukua miezi. Mahali palipopatikana ni ubavu wa mlima, nje ya rangi nyekundu, penye mteremko mkali kuliko alivyopenda, ikabidi kujenga kuta za mawe kwanza. Baadhi ya familia zilipanda. Nyingine zilikataa, naye aliendelea kuzipigia simu.

Siku hizi amehitimu na anafanya kazi mbali, na Jumapili meza yetu ni pana kuliko inavyohitajika. Ziwa bado lipo, limejaa, na tunaliombea. Mwaka huu alitutumia picha ya nyumba mpya ya mzee yule. Mkewe ameketi mlangoni na bakuli mapajani, ameupa mlima mgongo, anatazama chini bondeni, kwenye shamba lao la viazi.