Sukari ya Chupa Ishirini

Fundi saa mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Sekunde, alijivunia vitu viwili: mkewe na bia aliyoipika mwenyewe nyumbani. Bia yenyewe ilikuwa ya kahawia yenye wekundu, utamu wa kimea na uchungu wa maua ya hopsi vimekaa sawasawa, na ilishuka kooni bila kugombana na mtu.

Lakini mara ya mwisho alisahau kutia sukari kwenye chupa, kile kijiko kidogo kinachoipa bia mapovu. Shemeji zake wakanywa kitu kilichopooza, wakacheka. Yeye hakucheka. Kumbukumbu ilikuwa imeanza kumchezea: funguo, majina ya wajukuu, sasa sukari. Akaapa kwamba akiharibu tena, sufuria yake ya kupikia bia ataigawa.

Safari hii alikuwa macho. Akatia kila chupa kijiko chake huku akihesabu kwa sauti hadi ishirini, akajaza bia, akarudisha kopo la sukari rafuni, kisha akaenda stoo kutafuta vizibo. Ilimchukua muda kuvipata. Aliporudi, mkewe alikuwa jikoni, ametoka sokoni. Wakafunga chupa pamoja, wakazipanga kabatini.

Siku ya tisa, wakiwa wanakula mchana, kabati likalia paa! Kisha paa tena, na tena. Chupa zilipotulia, bia ilikuwa imetapakaa hadi mlangoni. Sekunde akakaa kwenye kigoda.

"Nimetia mara mbili," alisema. "Basi, mama. Kichwa kimekwisha. Sufuria mpe jirani."

Mkewe akaliegemeza fagio ukutani.

"Hukutia mara mbili. Ni mimi."

"Wewe?"

"Nilikuta chupa zimejaa, kopo liko rafuni, limefunikwa vizuri. Nikasema maskini, amesahau tena. Nikatia haraka haraka usije ukajua."

Sekunde akamtazama. Kopo alilirudisha mahali pake kwa ajili ya mkewe, ili aone kwamba mumewe bado anajiweza. Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka humohumo.

Chupa moja ilikuwa imesalia. Mkewe akaizungushia taulo, akaifungua kwenye beseni. Nusu ikaruka hewani. Iliyobaki wakagawana.

"Siku nikisahau kweli," alisema Sekunde, "usinifiche. Niambie."

"Sikuambii ng'o," mkewe akasema, akimfuta povu kwenye masharubu. "Nitatia sukari."