Homa Iliyomkuta Njoroge wa Pili

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea. Shule niliishia darasa la nane, na mkono wangu ni mzito. Pasta aliniomba nisimame nitoe ushuhuda, lakini mbele ya watu sauti yangu hupotea. Nimeandika, katibu wa vijana atawasomea.

Naitwa Njoroge. Naishi mtaa wa Kware na mama na kaka yangu Kamau. Nilipewa jina la mjomba, ndugu ya mama, aliyekufa kwa homa huko Mombasa kabla sijazaliwa. Ndiyo desturi yetu. Kwa hivyo shosho, mamake mama, anayekaa mtaa wa Umoja, haniiti mjukuu. Huniita mwanangu. Kila Jumapili hupanda ngazi hadi kwetu na kuuliza akiwa bado mlangoni, "Mwanangu amekula?"

Kamau humwambia, "Na mimi, shosho, niliokotwa?"

Mwaka jana mimi na Kamau tulipata kazi ya mjengo Mombasa. Tulilala chumba kimoja, karibu na mapipa ya maji ya mjengo. Mbu wa hapo waliuma mchana, na walituuma sote. Tulirudi nyumbani tukiwa wazima.

Siku chache baadaye macho yalianza kuniuma kwa ndani, kama mtu anayasukuma kutoka nyuma. Mifupa iliuma hadi kikombe kikanishinda kushika. Ngozi ilitoka madoa mekundu. Mama alininunulia dawa za malaria kabla sijapimwa.

"Buda, mbu walikuonja wakaona wewe ndio mtamu," Kamau alisema. "Mimi waliniuma wakatema."

Nilicheka, kichwa kikauma zaidi.

Kisha homa ikashuka. Mama aliimba akinipikia uji. Tuliamini nimepona. Lakini jioni hiyo tumbo lilikaza, nikatapika tena na tena. Fizi zilitoa damu. Choo kilikuwa cheusi. Miguu ilikuwa baridi kama sakafu. Kamau alinibeba mgongoni akashuka nami ngazi zote, na hapo hakufanya mzaha.

Hospitalini waliniwekea maji ya mshipa na kupima damu. Daktari alisema ni homa ya dengi, ile inayoletwa na mbu. "Kwa wengine, homa ikishuka ndipo hatari huanza," alisema.

Mama alishika kichwa. "Ni jina. Lilimmaliza ndugu yangu, sasa limemfuata huyu."

Kuanzia hapo aliniita Danieli, jina langu la ubatizo. Nilikuwa nikisikia Danieli, Danieli, nisijue ni nani anayeitwa. Shosho hakuja kuniona. Mama alisema ni miguu inamsumbua. Nilijua si miguu. Nililala pale nikifikiri, kama shosho amekataa kuja, basi ameona ninakufa.

Nilipoanza kupata nguvu, daktari alimpima Kamau pia. Damu yake ilionyesha kwamba naye aliambukizwa. Hakuwahi hata kuumwa kichwa. Alitaka kucheka, akaishia kunifunika blanketi.

"Mbu ni wale wale," nilimwambia daktari. "Mama ni yule yule. Mbona mimi?"

Alisema askari wa mwili wanaopigana na magonjwa tunawarithi kwa wazazi, lakini ndugu hawarithi sawa. Kamau alichukua wake, mimi wangu. Akasema pia huenda niliwahi kuambukizwa dengi ya aina nyingine bila kujua, na hiyo huweza kuzidisha ugonjwa. "Sababu yako hasa ni ipi, siwezi kukuapia."

"Na ndugu yangu?" mama akauliza.

"Kama hakupimwa, mama, siwezi kujua alikufa kwa homa gani. Lakini hata kama ni urithi, unapita kwenye damu. Haupiti kwenye jina. Ungemwita Petro angeugua vivyo hivyo."

Mimi nilizidi kuchanganyikiwa. Kama si jina, ni damu. Sasa jina naweza kubadilisha, damu nitaipeleka wapi?

Siku ya kurudi nyumbani tulimkuta shosho ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa. Hakuniangalia. "Nilizika mmoja," alisema. "Sikuweza kuja kutazama wa pili."

Nilimweleza maneno ya daktari.

"Damu hiyo mama yako aliipata kwangu. Basi ni mimi niliyewapa nyinyi wawili ugonjwa?"

Mpaka leo sijui vizuri. Nilimwona Kamau amebeba mfuko wa nguo zangu, nikasema, "Hata Kamau ni wako, shosho. Naye hakuugua."

Alimtazama Kamau kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akaninyooshea mkono. "Njoroge, mwanangu, niinue tupande." Tulipanda kama wagonjwa wawili, tukipumzika kila orofa, na mama nyuma yetu hakusema Danieli tena.

Namshukuru Mungu, na daktari, na mgongo wa Kamau. Funikeni maji ya kutumia nyumbani. Mkipata homa, pimweni kabla ya kumeza dawa. Homa ikishuka na tumbo likauma au damu ikatoka, msiimbe bado, kimbieni hospitali. Na aliyeugua sana msimwambie amejitakia.

Kama kwenu pia mbu waliuma wote akaanguka mmoja, niandikie jinsi mlivyoelewa, kwa sababu mimi bado natafuta. Mpe katibu karatasi. Juu yake andika Njoroge.