Lori Lililogoma Msibani

Marselino Komba, Mngoni wa Songea aliyehamia Keko, alikuwa dereva wa lori la mbao, na sijapata kuona mtu aliyejisifia gari lisilo lake kama yeye. Enzi hizo za Mwingereza waliojua kuendesha lori walikuwa wa kuhesabika, naye alihakikisha hatulisahau hilo. Mimi nilikuwa seremala kwenye karakana hiyo hiyo, kwa hiyo majivuno yake niliyala kila siku pamoja na vumbi la msumeno.

Baba yake, Mzee Adelard, aliyekuwa akiishi naye Keko, alipofariki, tajiri wa karakana alitupatia lori tumpeleke Chanika, akazikwe shambani kwake kando ya mkewe. Jeneza nililipiga randa mwenyewe. Padri alikuwa ametangulia, na alituonya kwamba jua likizama anarudi misheni. Jambo hilo lilimkaa Marselino rohoni, maana mzee alikuwa mtu wa kanisa hasa, na mwanawe hakutaka afukiwe bila sala.

Tukapakia jeneza, tukapanda. Marselino akapiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini mbele ya lori. Lori kimya. Akapiga tena na tena mpaka tai ikamhamia mgongoni. Kimya.

Hapo waombolezaji wote wakageuka mafundi. Mmoja alisema ni betri. Marselino akabonyeza honi, ikalia mpaka kuku wakatawanyika. "Betri gani tena?" akafoka. Mwingine akasema petroli imekwisha. Akalegeza bomba la kabureta, petroli ikamwagikia viatu vyake vya kanisani. Bibi mmoja akashauri marehemu aombwe ruhusa, huenda hataki kuondoka. Nilimwona Marselino akilitupia jeneza jicho. Kisha akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma, akaniambia nipige hendeli. Hakuna cheche.

"Moto haufiki," alisema, sauti imemshuka. Jua nalo lilikuwa limeanza kuinama.

Akafungua kile kifuniko chenye nyaya zinazogawa moto kwa plagi, akachungulia, akabaki ameduwaa. Rota haipo. Ni kipande kidogo cheusi, kinaenea kiganjani, lakini bila hicho lori ni banda la kuku. Kila jioni alikichomoa mbele ya macho ya Keko nzima akakitia mfukoni, ili mwizi asiondoke na gari. Asubuhi ile alikuwa amekirudisha kwa mkono wake. Alijipekua mifuko yote, akanipekua na mimi.

"Unatafuta nini, mtumwa wangu?"

Alikuwa Bi Hija, Mnyamwezi muuza vitumbua wa mlangoni pa karakana, amekalia ndoo, anajipepea. Mnyamwezi na Mngoni ni watani, na mtani msibani hashitakiwi kwa lolote. Yeye na Mzee Adelard walitukanana kila asubuhi tangu nilipowajua.

"Bi Hija, nirudishie. Padri ataondoka."

"Aondoke! Babako kaniita mpagazi miaka yote, eti kwa kuwa babu zetu walibeba mizigo ya misafara. Leo nataka nimwone Mngoni akipagaa. Jitwike sinia langu, zunguka lori, useme, 'Mie mpagazi wa Hija.' Hutaki, basi alale hapa hapa alipopazoea."

Marselino akavimba shingo. Lakini kumkasirikia mtani ni aibu kubwa. Alitutazama tumsaidie, sote tukaangalia juu. Akalitazama jua. Akavua koti, akajitwika sinia la vitumbua, akaanza kuzunguka.

"Mie mpagazi wa Hija," akanong'ona.

"Hatusikii!" tukapiga kelele, na mimi nilipiga kuliko wote. Roho yangu ilikuwa kwatu. Akapaza sauti. Dada zake, waliokuwa wakilia tangu alfajiri, walicheka mpaka wakashikana wasianguke.

Bi Hija akafungua pindo la kanga, akatoa rota. Marselino akaipachika, akapiga hendeli mara moja tu, lori likanguruma. Tulishangilia kama harusini. Bi Hija hakushangilia. Alishika ubao wa nyuma wa lori, akalitazama jeneza, na machozi yakamtoka, si ya utani.

"Sasa asubuhi nani atanitukana?"

Marselino aliliacha lori likinguruma, akaja nyuma, akampa mkono apande.

"Si mie nipo," alisema. "Panda, mpagazi mkubwa wee, na hilo sinia ubebe mwenyewe."