Wale Wawili wa Kinanda na Maneno Niliyowatungia

Jumapili moja mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwangu Nzuguni nachambua mchele, nikasikia kitu nilichodhani nimeshaachana nacho kabisa. Kinanda cha umeme kilianza, tiki-tiki-tiki, ikafuata ngoma ya mashine isiyochoka, halafu mwanamume wa Ulaya akaanza kulalamika kwa sauti laini kama mwenye mafua. Nikatoka na ungo mkononi. Binti yangu, mwanafunzi wa chuo aliyezaliwa kaseti zimeshakufa, alikuwa sebuleni na simu yake, kichwa kinatikisika.

“Zima hiyo.”

“Jamani mama! Hawa ni wakali. Wako wawili tu, mmoja anaimba, mwingine anapiga kila kitu. Huu ni mkusanyiko wa vibao vyao vyote.”

Ananieleza mimi! Rafiki yangu, nyimbo ngapi nzuri za utoto wetu zimepotea, hata wa kuzitaja hayupo. Lakini hawa wawili kila baada ya miaka michache wanarudi. Mkusanyiko mpya, picha mpya, vibao vilevile. Nimewakuta saluni, nimewakuta kwenye ukumbi wa kipaimara, na sasa wameingia nyumbani kwangu.

“Mwache mtoto asikilize,” akasema baba yangu kutoka kwenye kiti chake. Ana miaka sabini na saba, naishi naye. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu, na midomo inaimba. Maneno aliyokuwa anaimba nikayatambua. Yalikuwa yangu.

Ngoja nikueleze. Tulikuwa tunakaa Makole, hapahapa Dodoma, baba akiwa fundi seremala na kiongozi wa kwaya ya kanisa letu. Yeye ni Mgogo wa Kongwa. Tuliyepakana naye ukuta alikuwa fundi redio, Mwislamu, wa zile familia za mjini ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Kila asubuhi fundi redio alipiga kelele juu ya ukuta, “Mbukwa!”, salamu ya Kigogo, na baba akamjibu kwa “Asalaam aleikum” ya lafudhi ya Kongwa. Walicheka kila siku kwa kichekesho hicho kimoja. Mama alisema akili zao ziligawanywa kutoka chungu kimoja.

Kaseti ile aliiacha mteja mmoja aliyeleta redio na hakurudi tena. Kwenye jalada kulikuwa na vijana wawili, mmoja anatabasamu, mwingine amenuna kama ameletwa kwa nguvu. Fundi redio akaipiga jioni moja, baba akaisikia, akaacha randa juu ya ubao, akaruka ukuta. Watu wawili tu, wanatoa sauti ya bendi nzima! Tangu siku hiyo amani ikatoka nyumbani kwetu.

Baba akaazima kinanda cha kwaya, fundi redio akajifunza kukipiga kwa vidole viwili. Kila alasiri, upepo wa Dodoma ukitumwagia vumbi kwenye mboga, walijifungia kwenye karakana ya redio wakirudia kibao kimoja. Ilinuka risasi ya kuchomelea na karanga za kukaanga ambazo mama wa pili, yaani mke wa fundi redio, alituletea kwenye sinia. Baba aliimba. Fundi redio alisimama nyuma ya kinanda amenuna, maana kwenye jalada mpiga kinanda alikuwa amenuna.

Kazi yangu ilikuwa kurudisha mkanda nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Wenzangu wakiruka kamba nje, mimi nazungusha kalamu. Halafu ikaja kazi mbaya zaidi. Kwa kuwa nilikuwa nasoma Kiingereza shuleni, baba aliamini nakijua. Akanipa daftari, akanikalisha mbele ya spika.

“Sikiliza, andika anachosema. Kisha utuambie maana.”

Nilisikiliza siku ya kwanza, nikapata maneno matatu. Siku ya pili nilisikia wenzangu wanacheka nje, nikakata tamaa. Nikatunga. Niliandika maneno ya Kiingereza yoyote niliyoyakumbuka kwenye kitabu cha darasani, dirisha, kikombe, asubuhi njema, nikayapanga yafuate wimbo. Baba alipouliza maana, nikajibu haraka ili niruhusiwe kutoka:

“Ni wa ndoa, baba. Bwana anamwambia bibi, njoo tujenge nyumba.”

Macho ya baba yakajaa furaha. Akanishika kichwa. “Mwanangu msomi huyu!”

Nami nikakimbilia kamba.

Miezi michache baadaye mpwa wa fundi redio akaolewa. Watu walikula pilau mpaka wakalegeza mikanda, kisha wale wawili wakasimama. Baba alivaa suti ya kwaya, na fundi redio miwani ya jua. Baba akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba wimbo huu unahusu bwana na bibi wanaojenga nyumba. Kwanza wakaupiga wenyewe, watu wakashangilia. Kisha wakaweka kaseti halisi, maharusi wacheze.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mwalikwa. Nilimwona anaziba mdomo. Akamnong’oneza mtu wa meza yake, huyo akamnong’oneza wa pili, kicheko kikatambaa ukumbi mzima mpaka kikamfikia mama wa bibi harusi. Wimbo ule, kumbe, ni wa mwanamume anayemwambia mkewe akusanye nguo zake aondoke, hamtaki tena. Na maneno aliyoimba baba, mwalimu alisema, yalihusu kikombe na dirisha.

Mama wa bibi harusi alilia. Kaka mkubwa wa fundi redio akamvuta mdogo wake pembeni, na sisi sote tukasikia.

“Umekuja kumtabiria mtoto wetu talaka?”

Fundi redio akamgeukia baba. “Si uliniambia ni wa ndoa? Nani alikuambia?”

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya baba, soda mkononi. Baba hakunitazama.

“Nilitafsiri mwenyewe,” alisema.

“Wewe? Kiingereza umekijulia wapi? Unanidanganya mbele ya ndugu zangu?”

“Nimesema ni mimi.”

Hapo ndipo urafiki ulipokatika. Fundi redio aliamini baba amemchezea makusudi, na baba aliona mtu wa miaka yote ile alipaswa kumwamini. Salamu za asubuhi zikakoma. Mama zetu waliendelea kuazimana chumvi bila kusema, na sisi watoto tulicheza, lakini wale wawili kila mmoja alipitia upande wake. Kwa zaidi ya miaka thelathini! Tulihama, fundi redio akabaki. Mama alipofariki alikuja msibani, akampa baba mkono, akasema “Pole”, akaenda kukaa mwisho kabisa.

Basi Jumapili ile, baba anaimba kikombe na dirisha kwa furaha sebuleni, nikaweka ungo chini nikamwambia yote. Kwamba sikukosea. Kwamba nilitunga tu.

Mguu wake ukaacha kugonga. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine wa wale wale.

“Nilidhani ulijitahidi ukashindwa,” alisema. “Nikaona mtoto asiaibishwe kwa kujitahidi.”

“Nisamehe, baba.”

“Wewe mtoto!” Alipaza sauti kama nina miaka kumi na moja. “Ungesema hata wiki ile! Angecheka, tungecheka! Washa gari.”

Nikaliwasha, binti yangu akapanda nyuma. Kutoka Nzuguni mpaka Makole haifiki hata nusu saa, rafiki yangu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Karakana sasa ni duka la makava ya simu. Ukuta ulishabomolewa zamani, na mama wa pili amefariki. Fundi redio tulimkuta barazani kwake, mzee mwembamba, mwanawe akatuambia karibu hasikii kabisa.

“Mbukwa!” baba akamwita. Hakugeuka. Baba akaenda mbele yake, akapiga magoti kwa shida, akamshika mikono. Fundi redio akamtazama usoni.

“Seremala.”

Binti yangu akaandika kisa chote kwenye simu kwa herufi kubwa, akampa. Mzee akasoma taratibu, kidole juu ya maneno, akafika mwisho, akanitazama mimi. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

“Kumbe ni huyu? Mimi nilishasahau tuligombania nini. Nilikuwa nadhani ni mpaka wa kiwanja.”

Baba akamwimbia, mdomo karibu na sikio, kwa sauti ya kupasuka. Mzee hakusikia chochote. Alimtazama mdomo, akatikisa kichwa kwa adabu, wala hakuwa anayafuata mapigo. Binti akawasha wimbo wenyewe kwenye simu, akaongeza sauti mpaka mwisho, nikamwambia apunguze.

Sasa kila Jumamosi nampeleka. Wanakaa, wanakunywa chai, hawana la kusikilizana. Hao wawili wa Ulaya sijui wana nini, kila mwaka wanapata masikio mapya.

Siku ile ya kwanza tulirudi jioni, baba kando yangu kwenye gari. Nilisubiri anigombeze, nilitamani anigombeze.

“Amezeeka,” alisema, akitazama nje. “Amezeeka mimi sipo.”