Usizifute Picha za Njia Ile

Iko siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, Kerubo mjukuu wangu, na leo utaisikia hata kama umenuna. Vuta kigoda ukae. Hiyo kompyuta iache hapo kitini, ikiwa imefungwa. Umesema kesho unafuta picha zote za njia yetu, kazi ya miaka miwili, kwa sababu watu wa maonyesho kule Kisii mjini walizipita bila kugeuza shingo, na mmoja akakuuliza kama mashine imekwama kwenye picha moja. Sawa. Picha ni zako na simu ni yako. Lakini katika nyumba yangu mtu hafuti kitu kabla hajanisikiliza.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano hivi, nikikaa na nyanya yangu Moraa, mama yake baba, huko Magwagwa. Siku hizo msichana akishaanza kukua hakulala nyumba moja na wazazi. Alipelekwa kwa nyanya. Kwa nyanya unacheka, unataniwa, unaambiwa yale ambayo mama hawezi kuyatamka. Basi huyo Moraa alikuwa mfumaji. Alifuma ekee, kile kikapu chetu cha kuwekea ugali wa wimbi, kwa mabua membamba na nyuzi za mkonge. Ekee zake zilisifiwa mpaka huku Sironga nilikokuja kuolewa.

Isipokuwa moja. Kulikuwa na ekee kubwa ambayo hakuimaliza wala hakumwonyesha mgeni. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliishusha darini, akaongeza mishono saba, si sita si nane, akairudisha. Siku ya jua alitumia uzi mweupe. Siku ya mvua alitumia mweusi, ule uliolowekwa kwenye tope la bondeni. Ikawa na mabaka yasiyo na mpango wowote, kama ng'ombe mwenye ukurutu. Namuuliza, "Nyanya, hii itaisha lini?" Ananijibu, "Kwani nani amesema inaisha?" Nilicheka mpaka machozi. Nilidhani uzee umempanda kichwani.

Sasa sikia ujinga wangu. Dada ya rafiki yangu alikuwa anaolewa, na kila msichana alitakiwa kuja na ekee aliyoifuma kwa mkono wake. Wenzangu walianza mapema. Mimi nilikuwa nikizurura mtoni. Zilipobaki siku tatu, sikuwa nimeshika hata bua moja. Na siku hizohizo nyanya akaenda Mosocho kumwona shangazi aliyejifungua. Alibeba nyuzi chache kwenye nguo yake, ili afunge fundo kwa kila siku atakayokuwa huko, asije akasahau ilikuwa ya jua au ya mvua. Hata hilo nililicheka.

Alipotoka tu, nikapanda darini nikaishusha ile kubwa. Nikajiambia, si kitu cha bure tu hiki? Mabua yamelainika, nyuzi ziko tayari, nyeusi na nyeupe. Nikaifumua. Ilinichukua siku nzima kuifumua, Kerubo, na wala sikujiuliza kitu cha bure kinapataje mishono mingi hivyo.

Nikafuma mbili ndogo. Usidhani zilikuwa mbaya! Zilikuwa nzuri ajabu, duara jeusi, duara jeupe, zimefuatana sawasawa. Kule arusini akina mama walizipokezana. "Ni mtoto wa nani huyu? Ana mikono ya Moraa!" Wahenga hawakukosea, kipya kinyemi ingawa kidonda. Moja nikamwachia bibi arusi, nyingine nikarudi nayo iwe zawadi ya nyanya. Nilikuwa nimevimba kichwa hata mlango wenyewe niliuona mdogo.

Alikuwa ameshafika. Nilimkuta amesimama chini ya dari, zile nyuzi tatu zenye mafundo mkononi. Nikampa ekee kwa mikono miwili, natabasamu. Akaipokea. Akapitisha kidole polepole, mshono mmoja mmoja, kama anayetafuta mtu wake sokoni. Hakunichapa. Laiti angenichapa! Alikaa chini, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu:

"Tulipomzika babu yako, watu walikuja kunifariji. Wakasema, vumilia mama, sasa siku zako zote zitafanana. Nikakataa. Nikasema nitazifuma nione kama ni kweli."

"Na ilikuwa kweli?" nikamuuliza.

"Hazikufanana hata mbili. Niliziona kwa macho yangu. Sasa wewe umefumua siku zangu ukafuma sifa zako."

Nililia, mwanangu. Nikamwambia nitamsaidia tuanze upya. Akasema zile zilikuwa zake na zimekwisha, nifume zangu. Nikaanza zangu kweli, mishono saba kila asubuhi, uzi mweupe, uzi mweusi. Unajua nilifika wapi? Siku ya kumi na moja. Nikachoka, nikakitupa kitu chenyewe nyuma ya ghala. Kwa hiyo wewe uliyefikisha miaka miwili, usifikiri nyanya yako hajui uzito wake. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nimemlea hadi amekuwa mzee pamoja nami.

Na sasa niungame. Sabato ile wageni walipokuja baada ya kanisa, baba yako akasema amesomesha msichana ili aje afunge simu kwenye nguzo ya zizi, ipige picha njia ya kwenda barabarani kila siku saa moja asubuhi. Nani aliongeza kwamba hata kuku akifungiwa simu shingoni angeziweza hizo? Mimi. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, nawe ukatoka nje. Mdomo wangu huu! Mtu aliyefumua ekee ya nyanya yake alipaswa kuwa wa mwisho kucheka siku hiyo. Nisamehe.

Ndiyo maana jana nilikuomba unionyeshe zote, mstari kwa mstari. Sitakudanganya: za mwanzo nilisinzia. Njia ileile, majani chai pande zote mbili, mgomba uleule. Na lile jaribio lako lingine, la kompyuta kuchora duara mara elfu, sikuona kitu kabisa, na wewe mwenyewe ulikuwa ukipiga miayo. Lakini kwenye zile za njia kulikuwa na mama anayepeleka maziwa. Kila siku umempata kwa mgongo. Mwanzoni mtungi uko kichwani, shingo imenyooka. Picha zikaenda, zikaenda, mtungi ukashuka mkononi. Baadaye ukawa mtungi mdogo. Kisha fimbo ikaingia. Nikacheka, nikakuuliza, "Huyu anayechechemea kama bata ni wa boma gani?" Ulinishika mkono tu.

Mcheka kilema hafi bila kumfika. Nani anaujua mgongo wake mwenyewe? Nilikasirika, sikufichi, nilitaka kuipiga hiyo mashine kwa fimbo hiyohiyo. Miaka miwili naamka nikijiambia niko vilevile, na nyumba nzima inaniambia niko vilevile. Picha zako tu ndizo hazikunidanganya. Hasira ilipoisha nikaona furaha ambayo sikuitarajia, maana kumbe miaka yote hiyo kuna mtu alikuwa akinitazama nikishuka kwenda barabarani.

Sasa je, ni sanaa? Baba yako anauliza, watu wa mjini wanauliza, na mimi sikusomea mambo hayo. Jogoo anarudia wimbo mmoja tangu enzi za Nuhu na hakuna anayemwita msanii. Kurudia peke yake hakutoshi, Kerubo. Lakini mtu anayerudia huku anatafuta kitu, macho yake yako wazi, akakubali kuwachosha mia ili mmoja aone, huyo siwezi kumwambia anapoteza wakati. Hilo la duara, kama hata wewe hujui unatafuta nini ndani yake, liache bila aibu. La njia unajua unachotafuta, ulijua kabla yangu. Usilifute kwa hasira. Wala usilipambe ili watu wa maonyesho wakupigie makofi. Mimi nilipigiwa makofi arusini, na hayakunirudishia hata mshono mmoja wa Moraa. Baba yako mwache kwangu, nitamketisha mahali hapahapa ulipoketi na kumwonyesha mgongo wa mama yake.

Haya, futa machozi, mtu mzima wewe. Nyasae agosesenie, mwanangu, Mungu akubariki. Akupe macho yasiyochoka na moyo usiokimbilia sifa, na kazi ya mikono yako asiwepo wa kuifumua. Kesho saa moja nitapita pale na fimbo yangu, itegeshe simu. Na itafika asubuhi ambayo njia itatoka tupu, na kesho yake tupu tena. Hizo nazo usiziruke. Ziweke kwenye mstari pamoja na zingine.