Mama, Mama Mdogo na Daktari Mmoja

Mama yangu na mdogo wake walipasuliwa macho wiki moja, na daktari mmoja, mjini Tanga. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimeshaolewa Muheza, Mama akikaa kwangu. Ugonjwa ulikuwa ule wa maji kujaa ndani ya jicho na kulibana, mpaka mtu anaona mbele tu, kama anayechungulia ndani ya mwanzi.

Daktari hakutuficha. "Nuru iliyokwisha potea hairudi. Nalinda iliyobaki."

Alianza na macho ya kulia. Mama alitobolewa kitundu juu ya jicho, chini ya kope, maji yapate pa kutokea. Mama mdogo alivutwa kipande cha weusi wa jicho, kikabanwa kwenye jeraha, mboni yake ikabaki imechongoka kwenda juu.

"Mbona mwenzangu vile na mimi hivi?" mama mdogo akauliza.

Daktari akajibu kwamba njia zote mbili ni nzuri, bado wanazilinganisha. Jibu hilo ndilo lililoharibu.

"Anatujaribia huyu," mama mdogo akaninong'oneza.

Miaka mitatu Mama aliona vizuri kumshinda mdogo wake. Alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Mama mdogo, aliyekaa Pangani, alilalamikia ukungu. Kila akija humkazia Mama macho: "Dada, ulimwambia nini yule dresa, msaidizi wa daktari, mpaka ukachaguliwa wewe?" Mama hucheka. Mimi sikucheka.

Mwaka wa nne alikuja na chupa ya marashi ya waridi, akamtia dada yake machoni, ati yanapoza, akatuachia chupa. Siku ya tano jicho la kulia la Mama likaamka jekundu, limevimba, linatoka usaha. Hospitali hawakuweza kuliokoa.

Nikaifunga ile chupa ndani ya kanga, nikaenda Pangani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona uso huo?"

Nikaiweka chupa mkekani. "Ulimtia nini Mama?"

Akaifungua, akalaza kichwa nyuma, akajitia matone jicho la kulia, akajitia na la kushoto. "Natia haya haya kila asubuhi. Wewe ulidhani nini?"

Nikaaga, nikarudi Muheza.

Daktari mpya alinieleza baadaye kwamba ngozi inayofunika kile kitundu ni nyembamba, na hata baada ya miaka uchafu unaweza kupenya. Jicho la mama mdogo lilikuwa na ngozi nene zaidi. Nikamuuliza kuhusu marashi. "Sijui," akasema. "Lakini wote wawili wasitie tena."

Jicho la kushoto Mama aliomba lipasuliwe kama la mdogo wake. Mama mdogo ndiye aliyemuuguza wodini, akimlisha uji. Nami, Mungu anisamehe, kila mkono wake ulipoukaribia uso wa Mama, niliufuata kwa macho. Mama mdogo aliniona.

Mama alibaki na nuru ya kuchagulia mchele mpaka alipofariki. Mama mdogo aliendelea kuitikia shikamoo yangu kwa adabu, ila hakunikaribisha tena kulala kwake Pangani.